Pombe Ipi, Mzee? Swali Linalokosekana katika Vyumba Vyetu vya Tiba

Katika fomu nyingi za wagonjwa pana mstari mmoja unaohusu pombe, na mstari huo una majibu mawili tu: ndiyo au hapana. Mhudumu huuliza, "Mzee, unatumia pombe?" Mgonjwa hujibu, alama huwekwa, na mazungumzo husonga mbele hadi kwenye sigara. Hoja ya makala haya ni kwamba swali hilo, jinsi tunavyoliuliza, halimsaidii yeyote. Mtu wa Murungu anayejibu "ndiyo" huenda anakunywa togwa iliyolala usiku mmoja, au pombe ya ndizi, au pombe ya mtama, au pombe ya asali, au gongo. Vinywaji hivi vitano havina nguvu moja, havitengenezwi kwa namna moja, wala havileti madhara ya namna moja. Kuviita vyote "pombe ya kienyeji" na kuvilaani kwa pamoja ni sawa na kuviita vidonge vyote "dawa" bila kutaja jina wala kipimo. Hakuna mfamasia atakayeukubali uzembe huo. Kwa nini sisi tuukubali?

Ninaandika nikiitazama Murungu na vijiji vya Kibondo na Kasulu, katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, ambako mgomba, muhogo, mahindi na maharage ndiyo riziki ya nyumba, na ambako pombe hupikwa kwa ajili ya mahari, mazishi, mavuno na ada ya shule. Wapishi wake wengi ni wanawake. Kituo cha afya huwatazama kama chanzo cha matatizo. Kijiji huwatazama kama mafundi. Kila upande una sehemu yake ya ukweli, na pande hizo mbili zisipozungumza, anayeumia ni mgonjwa.

Ufundi ulio nyuma ya kata

Tuanze na pombe ya ndizi. Ndizi za pombe huvunwa zikiwa zimekomaa, huvundikwa kwa siku kadhaa hadi ziive vyema, humenywa, kisha hukandwa pamoja na nyasi ngumu mpaka maji yake yajitenge na makapi. Nyasi hizo si pambo: ndizo zinazoivunja nyama ya ndizi na kuyashika makapi ili maji yatoke safi. Maji hayo huchujwa, huzimuliwa, hutiwa unga wa mtama uliokaangwa, na kuachwa yachachuke kwa siku moja hadi tatu. Kwa asili yake kinywaji hiki si ndugu wa bia ya shayiri. Ndugu yake wa karibu ni ile sida ambayo Waingereza na Wafaransa huikamua kutoka katika matofaa: tunda, maji yake, na subira.

Yanayotendeka ndani ya chombo ni kazi ya viumbe wasioonekana kwa macho. Hamira ya asili huigeuza sukari kuwa alkoholi na hewa inayotoa povu. Bakteria wa jamii ile ile inayogandisha maziwa huigeuza sehemu nyingine ya sukari kuwa asidi, ndiyo maana pombe huwa na ukali wa ulimi. Zikipita siku chache, bakteria wa siki huingia na kuigeuza alkoholi yenyewe kuwa siki. Kwa hiyo pombe ya ndizi haiwekeki. Mwaka 1876 mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur alichapisha kitabu kizima juu ya bia, akaonyesha kwamba bia huharibika kwa sababu ya vijidudu wasiotakiwa wanaoingia pasipo kualikwa. Mama anayekisuuza chombo chake kwa maji yanayochemka na kukianika juani anatenda yale yale aliyoyasisitiza Pasteur, ingawa hakuna aliyempa cheti.

Togwa nayo ina heshima ambayo wengi wetu tumeisahau. Ni uji wa mahindi, mtama au ulezi uliopozwa, ukatiwa kimea, ukaachwa uchachuke kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Tanzania walionyesha kwamba kiasi kidogo cha unga wa kimea huulainisha uji mzito, hata mtoto mdogo akaweza kuunywa na kupata nguvu nyingi zaidi kwa kila kijiko. Katika miaka ya 1990, tafiti zilizofanyika nchini kwa ushirikiano na Taasisi ya Chakula na Lishe zilionyesha kwamba watoto waliolishwa uji uliochachushwa waliharisha kwa nadra zaidi kuliko wenzao, kwa sababu asidi yake huwadhoofisha vijidudu wengi wa tumbo. Huu ni ujuzi wa jikoni uliothibitishwa na maabara. Kuuweka katika kapu moja na gongo ni kutowatendea haki mama zetu na watoto wao.

Majirani wenye la kufundisha

Mpishi anayetaka kuiboresha kazi yake hahitaji kwenda mbali. Afrika Mashariki imejaa vinywaji ambavyo kila kimoja kina somo lake.

Iringa na Njombe hugema ulanzi kutoka katika mianzi wakati wa mvua. Somo lake ni la lugha: ulanzi mtamu wa leo huitwa mtogwa, na ule uliokolea huitwa mkangafu. Mnywaji hujua anachopewa kabla hajakitia mdomoni. Pwani, wagema husema tembo tamu na tembo kali. Ng'ambo ya mpaka, Warundi huitenganisha urwarwa, iliyozimuliwa kwa maji, na insongo, ambayo haikuzimuliwa. Kabla ya kipimo chochote cha kioo kufika vijijini, majina haya yalikuwa kipimo. Waha wanayo majina ya namna hiyo pia, na muuguzi aliyezaliwa Kasulu anayajua tangu utotoni. Akiingia kazini anayaacha mlangoni pamoja na viatu vya nyumbani.

Kilimanjaro wana mbege. Ndizi mbivu huchemshwa, kisha huchanganywa na kimea cha ulezi, na uchungu wake hutokana na magome ya msesewe. Somo la kwanza la mbege ni moto: ndizi zilizochemka huanza safari zikiwa na vijidudu wachache. Somo la pili ni la tahadhari. Msesewe ni wa jamii ya miti ambayo mmojawapo, unaoota India, ndio uliotupatia reserpini, dawa ya zamani ya shinikizo la damu. Sisemi kwamba mbege ni dawa ya shinikizo. Nasema kwamba magome na mizizi inayotiwa katika pombe si kitu cha kupuuzwa, na mhudumu anayemtibu mgonjwa wa shinikizo la damu ana haki ya kuuliza, "Humo mnatia nini?"

Wakikuyu wa Kenya hupika muratina kwa asali au miwa, wakitumia tunda la mwegea lililokaushwa kama makao ya hamira. Tunda hilo hutumika tena na tena. Somo lake ni kwamba chachu nzuri hutunzwa kama mbegu. Misitu ya Kibondo ina asali ya kutosha, na mpishi wa pombe ya asali anayeitunza chachu yake ikiwa kavu na safi hupata kinywaji kilekile kila mara, badala ya kubahatisha.

Arusha, hatimaye, kipo kiwanda cha kampuni ya Banana Investments kinachotengeneza kinywaji cha ndizi kiitwacho Raha na kukiuza katika chupa yenye lebo. Silitaji jina hilo kwa ajili ya kulitangaza. Somo lake ni kwamba ndizi ile ile ya kijijini inaweza kupimwa, na mnywaji akaandikiwa nguvu ya kinywaji chake. Jambo linalowezekana Arusha si muujiza Kasulu.

Hatari hazifanani

Sasa tuje kwenye madhara, maana sifa bila tahadhari ni ulaghai. Nitaanza na yale yanayotokana na utengenezaji, kisha nitaisema alkoholi yenyewe.

Hatari ya kwanza ni nafaka iliyooza. Januari 2015, katika kijiji cha Chitima, mkoani Tete nchini Msumbiji, waombolezaji walikunywa pombe ya mahindi msibani. Huko nako huiita pombe, kama sisi. Watu 75 walikufa, akiwamo mwanamke aliyeitengeneza. Uvumi ulienea kwamba imetiwa nyongo ya mamba. Uchunguzi wa maabara uligundua jambo jingine: asidi ya bongkreki, sumu inayotolewa na bakteria aitwaye Burkholderia gladioli, aliyekuwa ameota katika unga wa mahindi. Nchini kwetu, mwaka 2016, sumukuvu iliwaugusha watu 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 kati yao wakafariki. Chanzo kilikuwa mahindi ya nyumbani. Sumu hizi haziondoki kwa kuchemsha. Kwa hiyo ile desturi ya kusema "mahindi haya yameota ukungu, tuyapikie pombe" ni desturi ya kuua. Nafaka isiyofaa kwa ugali haifai kwa pombe.

Hatari ya pili ni maji. Mwezi Mei 2015, wakimbizi wa Burundi walipofurika Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika, kipindupindu kiliwapata watu kwa maelfu katika mkoa wetu huu wa Kigoma. Pombe iliyochachuka vizuri huwa na asidi inayowadhoofisha vijidudu, lakini asidi hiyo haitoshi kutegemewa. Tena pana jambo linalowashangaza wengi: maji matamu ya ndizi yasiyochachuka, ambayo hayana kilevi, ndiyo yaliyo hatarini zaidi yakizimuliwa kwa maji ya mtoni yasiyochemshwa, kwa kuwa hayana asidi ya kutosha wala alkoholi. Usalama wa mtoto anayeyanywa uko katika sufuria la maji yaliyochemka, si katika kukosekana kwa kilevi.

Hatari ya tatu ni chombo. Tangu miaka ya 1920 madaktari wa kusini mwa Afrika wameeleza ugonjwa wa chuma kujaa katika ini la watu waliokunywa kwa muda mrefu pombe iliyopikwa na kuhifadhiwa katika madebe na mapipa ya chuma. Asidi ya pombe huula ukuta wa chombo, na mnywaji humeza chuma hicho kidogo kidogo kwa miaka. Chungu cha udongo na mtumbwi wa mti havina kosa hilo. Pipa lililowahi kubeba mafuta au dawa ya mimea lina makosa mabaya zaidi.

Hatari ya nne ni gongo. Hapa sina la kusifu. Kukeneka pombe kwa mitambo ya kuungaunga hukusanya alkoholi kali isiyopimwa, na mabomba yaliyounganishwa kwa risasi huacha risasi ndani yake. Sheria yetu ya mwaka 1966 juu ya utengenezaji wa moshi haikutungwa bure. Kubwa zaidi ni methanoli, ambayo wafanyabiashara wasio na huruma huichanganya ili kuongeza ukali. Mwaka 2010 makumi ya watu walikufa kusini-magharibi mwa Uganda kwa waragi yenye methanoli. Mei 2014 zaidi ya watu 80 walikufa nchini Kenya kwa sababu hiyo hiyo. Dalili zake hukawia: mtu hulala akiwa mlevi wa kawaida, akaamka kesho yake na maumivu ya tumbo, pumzi za haraka, na macho yanayoona ukungu. Mgonjwa wa namna hiyo asiambiwe kwamba ni uchovu wa pombe. Apelekwe hospitali saa ile ile, kwa kuwa dawa ya kuizuia sumu hiyo ipo, lakini haingoji.

Hata pombe safi kabisa, iliyopikwa kwa nafaka njema, maji yaliyochemka na chungu kizuri, bado ni pombe. Tangu mwaka 1988 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani umeviorodhesha vileo miongoni mwa visababishi vilivyothibitishwa vya saratani, ikiwamo ile ya umio na ya ini. Januari 2023 Shirika hilo lilitamka wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Ninalisema hili bila kulipunguza makali. Usafi wa pombe humwondolea mnywaji sumu za ziada, haumwondolei alkoholi.

Je, si afadhali kukataza tu?

Najua mwenzangu atauliza: ikiwa hakuna kiwango salama, kwa nini tujisumbue na majina na vyungu? Tuseme "acheni pombe," tumalize.

Ninaliheshimu swali hilo, na yapo makatazo yaliyofaa. Marufuku ya pombe ya viroba iliyoanza Machi 1, 2017 iliondoa sokoni kinywaji kikali kilichouzwa kwa bei ya peremende, na mtoto wa shule aliweza kukificha katika soksi. Hilo lilikuwa katazo la kitu kimoja kinachojulikana, kwa sababu inayojulikana. Katazo la jumla kwa kila kinachochachuka ni jambo tofauti, nalo lina gharama tatu.

Gharama ya kwanza ni uongo. Mgonjwa anayejua kwamba atagombezwa atasema "situmii". Kisha atameza metronidazoli pamoja na kata ya pombe, atapike usiku kucha, na aamini kwamba dawa za kituo ni mbaya.

Gharama ya pili ni hatari ya kuacha ghafla. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka, akiacha leo kwa amri ya daktari, huweza kupata degedege ndani ya siku mbili za kwanza, na kati ya siku ya pili na ya nne akaweweseka na kutetemeka hata kufa. Huyo anahitaji kuachishwa chini ya uangalizi, kwa dawa na vitamini B1. Mhudumu asiyejua mgonjwa wake anakunywa nini na kiasi gani hawezi kujua ni yupi anayeweza kuacha nyumbani na ni yupi anayepaswa kulazwa. Hapo ndipo swali la "ndiyo au hapana" linapoweza kuua.

Gharama ya tatu ni kumpoteza mpishi. Wahenga walisema: usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Maadamu pombe inapikwa, na itapikwa kesho Murungu kama ilivyopikwa jana, anayeamua nafaka ipi itumike, maji yapi yatiwe na nani auziwe ni yule mama. Tukimfukuza, tunamwachia kazi hiyo mwenye mtambo wa gongo aliyejificha bondeni.

Maswali matano badala ya moja

Kwa wahudumu wa afya napendekeza maswali matano, yaulizwe kwa heshima, mlango ukiwa umefungwa. Pombe ipi, kwa jina lake? Imetengenezwa kwa nini, na imetiwa nini kingine? Unakunywa kwa chombo gani, na vingapi kwa siku? Ulianza lini, na ukikosa siku moja mwili unakuwaje? Unakunywa na nani?

Swali la tatu linataka hesabu ndogo. Kuchukua mililita, kuzidisha kwa asilimia ya alkoholi, kuzidisha kwa 0.8, kisha kugawa kwa 100, kunatupa gramu za alkoholi. Nusu lita ya kinywaji cha asilimia 5 ina gramu 20. Nusu lita hiyo hiyo ikiwa ya pombe ya ndizi isiyozimuliwa iliyofika asilimia 10 ina gramu 40. Mililita 100 tu za gongo ya asilimia 40 zina gramu 32. Dodoso la AUDIT la Shirika la Afya Duniani, lenye maswali 10, huhesabu kinywaji kimoja kuwa gramu 10. Kwa hiyo mzee anayesema "nakunywa kikombe kimoja" huenda ameshavipita vinywaji vitatu au vinne kwa hesabu ya dodoso. Kituo chochote kinaweza kuazima kata na vikombe vinavyotumika vilabuni, kuvipima kwa jagi la mililita, na kubandika ukutani orodha yake. Kazi hiyo ni ya mchana mmoja, na haihitaji mfadhili.

Swali la tano lina sababu yake. Katika nyanda hizi, kama ilivyo Burundi, watu wamezoea kukizunguka chungu kimoja na kushirikiana mirija. Kifua kikuu hakiambukizwi kwa mrija. Huambukizwa kwa hewa, na chumba kidogo kisicho na madirisha, chenye watu wanaokohoa jioni nzima, ndicho cha kuhofiwa. Lakini mate hubeba magonjwa mengine. Mkoa jirani wa Kagera ulipata mlipuko wa homa ya Marburg mwaka 2023, huko Bukoba, na tena Januari 2025, huko Biharamulo. Ugonjwa huo huambukizwa kwa majimaji ya mwili. Ushauri wa "kila mtu na kikombe chake, na kikao kiwe nje chini ya mti" ni rahisi kufuatwa kuliko "vunjeni kikao".

Kwa mgonjwa na kwa mpishi

Ndugu mgonjwa, nawe una sehemu yako. Taja kinywaji chako kwa jina; mhudumu wako si hakimu. Yapo makundi ambayo kwao jibu ni moja tu, nalo ni kutokunywa kabisa: mama mjamzito, kwa kuwa alkoholi humfikia mtoto tumboni na kuuharibu ubongo wake, mtoto na kijana, mwenye ugonjwa wa ini, anayetumia dawa za kifua kikuu, ambazo zenyewe ni mzigo kwa ini, anayetumia fenobabitoni au dawa nyingine za kifafa, maana zikikutana na pombe huweza kuzizima pumzi, na mgonjwa wa kisukari anayetumia vidonge vya kushusha sukari, ambaye sukari yake huweza kushuka usingizini bila mtu kujua. Ukiwa katika kundi hili na kikao cha ukoo kinakungoja, si lazima ukae nacho mikono mitupu. Omba maji matamu ya ndizi au togwa ya siku ile ile, isipokuwa kama una kisukari. Chombo kitakuwa mkononi, heshima itakuwa mahali pake, na dawa zako zitafanya kazi. Kumbuka tu kwamba togwa huendelea kuchachuka: ya jana si ya leo, na ya juzi si ya mtoto.

Mama mpishi, nawe nakusihi mambo ambayo mengi yake unayajua tayari. Usipikie nafaka yenye ukungu, hata ikiwa umepewa bure. Chemsha maji ya kuzimulia. Tumia chungu, mti au chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya chakula. Usitie kitu ambacho usingeweza kukitaja mbele ya mteja. Sema waziwazi ipi imezimuliwa na ipi haijazimuliwa. Usimuuzie mtoto, wala mjamzito, wala aliyekwisha kulewa. Na kila siku ya kupika, tenga sehemu ya maji matamu kabla hujayatia mtama, uyauze yakiwa mabichi kwa wasiokunywa kilevi. Wateja hao wapo: wanaokwenda kanisani na msikitini, wanafunzi, wanyonyeshaji, na hao wagonjwa niliowataja, isipokuwa wa kisukari. Kwa sasa hununua soda iliyosafiri kutoka mjini, na fedha yao husafiri kurudi huko huko.

Kwa waganga wakuu wa wilaya na walimu wa vyuo vyetu vya afya nina ombi moja. Tunawafundisha wanafunzi kuzitambua aina za malaria na kuzihesabu dozi kwa uzito wa mtoto, nasi tunafanya vyema. Tuwafundishe pia kuzitambua pombe za mahali watakapopangiwa kazi: majina yake, nguvu yake, vyombo vyake na hatari zake. Mafunzo hayo yatolewe na mpishi mwenyewe, aalikwe kituoni mchana kweupe kama mwalimu, alipwe posho ya mwalimu, na aondoke akiwa amesikia kutoka kwetu habari za sumukuvu, maji na ini. Kuna mambo anayoyajua ambayo hayamo katika vitabu vyetu, na kuna wagonjwa ambao wangali hai wa kunufaika nayo.